Anamaliza kitengo mwaka huu, aende wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka 16, ana sindromu ya Down. Anasoma kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi hapa Morogoro. Anaandika jina lake na kuhesabu hadi 20, zaidi ya hapo haendi. Mwalimu wake ameniambia umri umempita, mwisho wa mwaka aondoke. Baba yake anasema akae tu nyumbani, huko nje watamwonea. Dada yake wa miaka 13 ndiye anayemfulia na kumfanyia kila kitu. Mimi ni mama lishe, na kila nikimtazama najiuliza nikifa ataishije. Je, anaweza kujifunza kazi na kujitegemea? Nianzie wapi?"

Marahaba, mama. Anaweza kujifunza kazi, na anaweza kuishi maisha yake mwenyewe akiwa na watu wa kumsaidia pale panapomshinda. Mengine yote ninayoandika hapa ni namna ya kufika huko, na naomba uyasome taratibu, ikiwezekana mkiwa wawili na baba yake.

Nianze na jambo ambalo kwangu ndilo msingi. Sindromu ya Down ni hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili, na kijana mwenye ulemavu huo hujifunza jambo pale linapofanyika. Wewe na mimi tukifundishwa chenji darasani, tutaitumia dukani, sokoni na kwenye daladala bila kufundishwa upya. Yeye ataijua darasani tu. Akifika dukani linakuwa jambo geni kabisa, kwa sababu meza ni nyingine, kelele ni nyingine, na aliyesimama mbele yake si mwalimu. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona vitengo ambako wanafunzi wanamaliza miaka saba au minane wakinakili herufi za ubaoni. Walimu wengi wanajitahidi, tena katika mazingira magumu, lakini kijana wa miaka 16 anayehesabu hadi 20 hahitaji mwaka mwingine wa kuitafuta 21. Anahitaji kuzitumia hizo 20 alizo nazo, na azitumie kwenye jiko, dukani na mahali pa kazi.

Kabla ya mafunzo yoyote, mpeleke hospitali. Watu wenye sindromu ya Down hupata matatizo ya masikio, macho, moyo na tezi ya thairoidi, ile iliyopo shingoni, kuliko watu wengine. Tezi hiyo ikifanya kazi chini ya kiwango, kijana anakuwa mzito, analala sana, anasahau upesi, na watu wanasema ni mvivu au ndivyo alivyozaliwa. Ni kipimo cha damu tu, na dawa yake ipo. Masikio nayo yana njia nyembamba, nta huziba kwa urahisi. Nilikuwa na binti darasani ambaye kila mtu alimwita mkaidi; aliposafishwa masikio, akaanza kuitika anapoitwa. Ukiwa hospitali ya rufaa ya mkoa, muulize daktari pia kuhusu shingo yake. Baadhi ya watu wenye hali hii wana viungo vilivyolegea juu kabisa ya uti wa mgongo, na hawafai kubebeshwa ndoo au mizigo kichwani. Afadhali ujue mapema, maana kazi nyingi za vijana huku kwetu zinaanza na kubeba.

Sasa nyumbani. Chagua kazi moja, usichague tano. Mimi kwako ningechagua kuosha vyombo, kwa kuwa vyombo unavyo kila siku na kwa mama lishe hiyo ni kazi inayolipwa. Chukua kalamu na karatasi, uoshe vyombo wewe mwenyewe huku ukiandika kila kitu mikono yako inachofanya. Utashangaa urefu wake: kukusanya vyombo, kumwaga makombo kwenye ndoo ya taka, kujaza maji beseni la kwanza, kuweka sabuni, kujaza beseni la pili, kusugua vikombe, kusugua sahani, kusugua sufuria mwisho, kusuuza, kupanga kwenye kichanja, kumwaga maji machafu. Tunaposema "osha vyombo" tunadhani tumetoa agizo moja, kumbe tumetoa zaidi ya kumi, na yeye amebaki na la mwisho tu kichwani.

Halafu anza kumfundisha kutoka mwisho. Wiki ya kwanza osha vyote wewe, mwachie kupanga kwenye kichanja. Akishaweza bila kuambiwa, mwachie kusuuza na kupanga. Kisha kusugua sahani, kusuuza na kupanga. Hivyo hivyo hadi mfike kwenye kukusanya vyombo. Faida ya kwenda kinyumenyume ni kwamba kila siku yeye ndiye anayemaliza kazi. Anaona kichanja kimejaa, anasikia "ahsante, vyombo tayari", na kesho anataka tena. Ukianzia mwanzo atachoka katikati, dada yake atamalizia, na kijana atajifunza kwamba kazi zake humaliziwa na wengine.

Wakati wa kumfundisha, punguza maneno. Najua ni vigumu kwa mzazi, tunapenda kuelekeza: "hapo, hapana, geuza, sugua na chini, haya sasa suuza". Kila neno unaloongeza linakuwa sehemu ya kazi, na siku usipokuwepo atasimama mbele ya beseni akisubiri sauti yako. Akikwama, nyamaza kwanza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mara nyingi atajikwamua, maana anahitaji muda mrefu kidogo kuliko wewe. Asipojikwamua, mwonyeshe kwa kidole. Ikishindikana, fanya wewe mbele yake. Ya mwisho kabisa ndiyo kumshika mkono. Kesho yake anza tena na kunyamaza.

Tumia picha. Vijana wenye sindromu ya Down hushika wanachokiona vizuri kuliko wanachoambiwa. Mpige picha kwa simu akiwa kwenye kila hatua, mikono yake mwenyewe, beseni lenu wenyewe, kisha uzichapishe stesheneri na kuzibandika ukutani kwa mpangilio. Picha za kuchora za watoto wa kizungu wakiosha kwenye sinki hazitamsaidia.

Haya sikuyabuni mimi. Miaka ya 1970 nchini Marekani, mtaalamu aliyeitwa Marc Gold aliwafundisha watu wenye ulemavu wa akili wa kiwango cha kati na kikubwa, ambao wengi walishakatiwa tamaa, kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Aliigawa kazi hatua kwa hatua, akazungumza kidogo sana, na mtu alipokosea, Gold alibadilisha namna ya kufundisha badala ya kumlaumu mwanafunzi. Waliweza. Miaka ya 1980 wenzao hukohuko wakasonga mbele na kuanza kuwapeleka watu kazini kwanza na kuwafundisha hapohapo kazini, badala ya kuwaweka miaka na miaka kwenye karakana za mazoezi wakisubiri "wawe tayari". Nitairudia hoja hiyo kwenye kazi.

Tuje kwenye pesa. Anayehesabu hadi 20 anaweza kununua vitu dukani, usiamini anayesema hapana. Usimfundishe kujumlisha, mfundishe noti. Noti zetu zina picha zinazosaidia: 1,000 ina Mwalimu Nyerere, 2,000 ina simba, 5,000 ina kifaru, 10,000 ina tembo. Akishazitambua bila kusita, mfundishe kanuni moja: bei ikitajwa, toa noti inayofuata juu yake, kisha nyoosha mkono usubiri chenji. Muuzaji akisema 1,300, anatoa simba. Akisema 3,500, anatoa kifaru. Hahitaji kujua chenji itakuwa shilingi ngapi. Anahitaji kutoondoka kabla hajaipokea. Anza na duka moja ambalo mwenye duka mnafahamiana, kitu kilekile kila siku, sukari au mkate, saa ileile. Ongea na mwenye duka pembeni, mwombe asiwe anakimbilia kuchukua pochi ya kijana na kujihudumia. Duka likimzoea, badilisha kitu. Kitu kikizoeleka, badilisha duka. Kwenda Soko la Chifu Kingalu lenye watu wengi kutakuja mwisho kabisa.

Pesa ya kwenye simu ni hatari zaidi. Mtu asiyemjua akimtumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kijana mwaminifu anatuma. Akipata simu, iwe na fedha kidogo tu, na mfundishe sheria isiyo na ubaguzi: namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu, hata akisema ametumwa na mama. Mfanyieni mazoezi, mjomba apige akijifanya mtu wa kampuni, muone atasemaje. Rudieni mpaka jibu litoke lenyewe.

Usafiri unafundishwa kwa mtindo huohuo wa kurudi nyuma taratibu. Mwanzo mnakaa pamoja kwenye daladala na yeye ndiye anayelipa konda na kusema "shusha". Baadaye unakaa kiti cha nyuma kabisa kama vile hamjuani. Baadaye yeye anapanda peke yake na mtu wenu anamsubiri kituoni. Mchagulie alama mbili tatu za njiani zisizohama, msikiti, kituo cha mafuta, mnara wa simu. Mbao za matangazo hubadilishwa. Na awe na kadi mfukoni yenye jina lake na namba zenu mbili za simu, na ajue ni nani wa kumwonyesha akipotea: askari, au mama mwenye duka. Stendi ya mabasi ya Msamvu mwachie baadaye. Hata sisi wenye akili zetu timamu hupotezwa pale na wapiga debe.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi hawaniulizi, nami siwezi kulipita. Kijana wako ana miaka 16 na mwili wake ni wa mwanamume anayekua. Afundishwe sehemu za mwili kwa majina yake, nini kinafanywa faragha mlango ukiwa umefungwa, nani anaruhusiwa kumgusa na wapi, na kwamba ana haki ya kusema "sitaki" hata kwa mtu mzima. Tunawalea watoto hawa wawe watiifu kwa kila mtu, na utiifu wa namna hiyo ndio wanaoutafuta wanyanyasaji. Mpe nafasi ya kukataa mambo madogo nyumbani, shati hili au lile, ugali au wali. Asiyewahi kuruhusiwa kukataa shati hatajua kukataa jambo kubwa. Kuoga, kunyoa, kubadilisha nguo za ndani na kujipaka dawa ya kwapa viingie kwenye ratiba ya asubuhi kwa picha, maana kazini watu watamsamehe uzito wa ulimi lakini hawatasamehe harufu.

Sasa kazi. Usianze na kuuliza "kuna kozi gani". Anza kwa kumtazama. Anapenda kukaa au kutembea? Anapenda watu au anachoshwa nao? Anavumilia kelele? Anapata raha kwenye kitu gani kinachojirudia? Andika kwa wiki mbili. Kisha zunguka mtaani kwenu na jicho la kutafuta kazi ndogo ambazo wenye biashara hawana muda nazo au wafanyakazi wao wanazifanya vibaya. Bekari kuna kufungasha mikate. Vitalu vya miche, na Morogoro vipo vingi, kuna kujaza viriba udongo. Gesti kuna kukunja mashuka na kupanga taulo. Wafugaji wa kuku wa mayai wana kukusanya mayai asubuhi na jioni.

Hiyo ya mayai nieleze zaidi, kwa sababu nimeiona ikifanya kazi. Trei ya mayai ina matundu 30. Kijana asiyeweza kuhesabu hadi 30 hahitaji kuhesabu: tundu likibaki wazi trei haijajaa, yakijaa yote imejaa, anaweka trei nyingine juu yake. Trei ndiyo inayohesabu. Yai lenye ufa linaenda kwenye ndoo nyekundu, lenye kinyesi linaenda kwenye ndoo ya bluu. Binti mmoja niliyemfundisha, ambaye namba zilimshinda kabisa, alifanya kazi hiyo kwenye banda la jirani yao, na mwenye banda aliniambia mayai yanayovunjika yamepungua tangu aanze, kwa sababu yeye hana haraka. Ukiielewa siri ya trei, utaiona kila mahali. Kikombe kilichokatwa kwenye ujazo wa robo kilo kinapima sukari badala ya kichwa. Ubao wenye misumari kumi unahesabu chapati za kufungasha. Kamba iliyofungwa mafundo inapima nafasi kati ya mche na mche. Kila unapokuta kazi inamshinda kwa sababu ya namba au kusoma, jiulize ni kifaa gani kinaweza kubeba hiyo namba kwa niaba yake.

Ukishaona mahali panapofaa, nenda wewe au baba yake, na msiende kuomba huruma. Sema hivi: "Bosi, nina kijana anayeweza kujaza viriba bila kuchoka. Naomba aje Jumanne na Alhamisi asubuhi. Mtu wetu atakuwa naye mpaka azoee, na tutamfundisha sisi." Wenye biashara wengi hawana ubaya, wanaogopa mzigo wa kumsimamia, na ukiondoa mzigo huo mlango hufunguka. Mtu huyo anayekwenda naye afundishe kama ulivyofanya kwenye vyombo, kisha taratibu ajitoe na nafasi yake ichukuliwe na mfanyakazi mwenzake wa hapohapo. Mchagueni huyo mwenzake kwa makini kuliko mnavyomchagua bosi. Ndiye atakayemwambia saa ya chai imefika, atakayemkumbusha kunawa, na atakayewapigia simu siku mambo yakiharibika.

Kubalianeni mapema majaribio yanaisha tarehe ngapi na baada ya hapo analipwa nini. Nalisisitiza hili kwa uchungu. Kijana mmoja niliyemfahamu alipiga msasa na kufagia kwa fundi seremala kwa muda mrefu, malipo yake yakiwa soda na andazi, na wazazi walishukuru kwamba "anapata pa kwenda". Hiyo ni kazi bila ujira, hata kama inafanyika kwa tabasamu. Kama anazalisha, alipwe, na fedha aipokee mkononi mwake mwenyewe. Sehemu aitumie anavyotaka, hata akinunua kitu ambacho wewe unakiona cha kijinga. Ni mshahara wake.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Wengi hawatimizi, na wanaotimiza mara nyingi huajiri mwenye ulemavu wa viungo na kumsahau mwenye ulemavu wa akili. Kwa hiyo ukienda hoteli au kiwanda, itaje sheria hiyo kwa heshima, huku ukiwa na kazi mahususi ya kupendekeza. Asilimia peke yake haimfundishi meneja amweke wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inaruhusu aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule. Kwa miaka 16 basi, siku mbili za kujaza viriba ni sawa. Mashine za kukata na kemikali za shambani hapana.

Kuhusu vyuo. Vipo vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu vilivyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kama Yombo jijini Dar es Salaam, Sabasaba Singida, Luanzari Tabora na Masiwani Tanga. Karibu nawe kuna VETA Kihonda na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa. Ni vizuri kwenda kuviona, lakini usiuze shamba kumpeleka kabla hujapata majibu ya mambo machache. Je, waliwahi kumpokea mwenye ulemavu wa akili, na aliishia wapi baada ya kumaliza? Mtihani wake ni wa kuandika au wa kutenda? Nani anakaa nao usiku bwenini? Naamini zaidi mafunzo ya kazini karibu na nyumbani kwa kijana kama wako, kwa sababu ile niliyoanza nayo: atakachojifunza kwenye karakana ya Dar es Salaam itabidi afundishwe upya akirudi Morogoro. Chuo kinafaa pale ambapo ameshaonja kazi, ameipenda, na anahitaji ujuzi ambao mtaani kwenu hakuna wa kumpa.

Njia nyingine ni mradi wa nyumbani, na hapa kuna fedha ambayo wazazi wengi hawaifuatilii. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Masharti ya idadi ya wanakikundi ni mepesi zaidi kwa watu wenye ulemavu. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akueleze utaratibu wa sasa, na watafute wazazi wenzako wa kitengo hichohicho, maana watoto wao nao wanamaliza na hawajui pa kwenda. Mkianzisha banda la kuku au kitalu, hakikisheni vijana ndio wanaofanya kazi. Nimeona vikundi ambavyo jina ni la vijana, picha ya kwenye ripoti ni ya vijana, na kazi yote inafanywa na mama zao.

Kabla mwaka haujaisha, rudi kwa mwalimu wake. Usiende kugombana naye kuhusu umri. Mwombe muda uliobaki utumike tofauti: kijana aende na mwalimu dukani, apewe jukumu la kudumu shuleni kama kumwagilia bustani au kusaidia jikoni, na siku mbili za wiki aende mahali pa kazi akihesabiwa yupo shuleni. Nchini Marekani sheria inataka mpango wa kumtoa mwanafunzi shuleni kwenda kwenye maisha ya utu uzima uwe umeshaandikwa anapotimiza miaka 16. Kwetu jambo hilo mara nyingi linabaki mikononi mwa mzazi, basi liandike wewe, ukurasa mmoja tu: anaweza nini, anajifunza nini sasa, nani anamsaidia, atakuwa wapi Januari. Mpe mwalimu nakala, na nyingine mpe afisa elimu maalumu wa manispaa. Katika kikao hicho kijana awepo na aulizwe yeye. Kama maneno yanamshinda, mwekeeni picha mezani achague.

Umeuliza ukifa ataishije, na hili halitibiwi na ujuzi wa kazi peke yake. Kujitegemea si kuishi peke yako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika Ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii na kuchagua anaishi wapi na nani, akipewa msaada anaouhitaji. Basi anza kujenga watu wa kumzunguka sasa hivi ukiwa na nguvu: ndugu mmoja anayeaminika kwa fedha, mmoja wa kumsindikiza hospitali, jirani, mtu wa msikitini au kanisani kwenu, mfanyakazi mwenzake. Usimwachie binti yako mzigo wote. Ana miaka 13, na namna ya kumsaidia yeye pia ni kumfundisha kaka yake kufua. Alale kwa shangazi usiku mmoja mmoja, ili siku ya kulala kwingine isije ikawa siku ya msiba. Akifikisha miaka 18 ashughulikiwe kitambulisho cha NIDA mara moja, maana bila hicho hata laini ya simu kwa jina lake ni tatizo. Wosia uandikwe, nyumba au kiwanja kitajwe, na jina lake liwemo kama mrithi kamili, halafu mwanasheria aangalie namna ya kumlinda asije akasainishwa karatasi asiyoielewa.

Baba yake anaogopa ataonewa. Hofu hiyo ina msingi, na usimbishie kwa maneno. Mpe kazi. Jumamosi hii kijana atumwe mkate dukani na noti moja ya simba, na baba amfuate kwa nyuma, mbali kidogo, bila kuonekana na bila kuingilia isipokuwa kuna gari. Wafanye hivyo kila Jumamosi mwezi mzima, kisha muulize yeye mwenyewe, baba, wapi pengine kijana anaweza kwenda.